Mmea Umekosa Nini Hata Uitwe Punda?

Jamani, ninyi mnaotunza mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, hivi majina haya hayawachoshi? Aina moja ya mmea wa Crassula ovata, ambayo majani yake yamejikunja kama vimirija vyenye ncha zilizobonyea na ukingo mwekundu, imebandikwa 'Gollum', jina la kiumbe wa kubuni anayenyemelea gizani mapangoni! Aina moja ya Sedum nayo, yenye vijani vinono vinavyopukutika ukiigusa tu, eti ni 'Burrito', yaani punda mdogo kwa Kihispania. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zimekataza majina mapya ya Kilatini kwa aina kama hizi, zinazoteuliwa na kukuzwa na watu, tangu 1959, sawa, lakini je, zilikataza na heshima? Mgeni akiniuliza nimwambie nini, kwamba dirishani nimeotesha punda?