Mozi na hoja ya majaaliwa: alishinda nusu

Katika karne ya 5 KK, China ikiwa vipande vya dola zinazopigana, mwanafalsafa Mozi aliishambulia imani kwamba utajiri, umaskini, amani na vurugu vimekwisha kupangwa. Aliowalenga ni wafuasi wa Confucius, mwalimu wa maadili aliyemtangulia. Mkulima akiamini mavuno ni majaaliwa, aliuliza, ataraukia shamba la nini? Na hakimu atajichosha na kesi za nini?

Hoja yake nzito ni ya historia. Chini ya mfalme Jie nchi ilivurugika. Tang alipompindua, ikatulia. Watu wale wale, ardhi ile ile, kilichobadilika ni utawala. Mtawala anayesingizia majaaliwa wakati ghala ni tupu hapo hana pa kujificha.

Lakini Mozi alitaka zaidi. Alidai majaaliwa hayapo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona wala kuyasikia. Ajabu ni kwamba kwa kipimo hicho hicho cha macho na masikio alithibitisha kuwa mizimu ipo! Tena, imani kuwa na madhara hakuifanyi iwe ya uongo.

Wapinzani wake nao hakuwatendea haki. Confucius alizunguka dola kwa dola akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Huyo si mtu aliyekaa akingoja yaliyoandikwa. Mencius naye, mfuasi wa Confucius aliyekubali kwamba kila jambo lina majaaliwa yake, alisema anayeyaelewa hasimami chini ya ukuta unaotaka kuanguka.

Ubishi haukuishia hapo. Mwanafikra Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 BK, anaeleza kuwa wakana majaaliwa walitaja vita vya Changping, ambako mwaka 260 KK askari wa dola ya Zhao waliojisalimisha, 400,000 kwa hesabu ya vitabu, waliuawa. Wote walipangiwa kufa pamoja? Wang Chong akajibu kuwa majaaliwa ya nchi huyashinda ya mtu mmoja mmoja. Kwangu jibu hilo ni la kukwepa, maana linaweza kueleza lolote lile.

Ila Mozi alibanwa nyumbani kwake. Alipougua, mwanafunzi alimuuliza: mizimu huwalipa wema, mbona wewe mgonjwa? Akasema maradhi huja kwa njia nyingi, baridi, joto, uchovu. Nyumba ikiwa na milango mia ukafunga mmoja, mwizi atakosaje pa kuingilia? Jibu zuri, ila hiyo milango 99 iliyobaki wazi ndiyo wapinzani wake waliyokuwa wakiizungumzia.