Jiwe la mpaka

Jumamosi jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, aliniita nimsaidie kutafuta jiwe. Kijiji chetu kiko hapa Ufaransa, kwenye uwanda wa Beauce, kati ya Chartres na Châteaudun: nyumba kama arobaini, kanisa, ghala refu la nafaka, basi. Kwingine kote ni mashamba. Ngano imeshavunwa, yamebaki mabua. Mzee akahesabu hatua kutoka kona ya barabara, akainama, akakwangua nyasi kwa jembe. Jiwe likatokea, la mraba, limeota ukoga, juu limechongwa msalaba. Akalifuta kwa kiganja. "Nilikuwa mtoto lilipowekwa," akasema, akapanda trekta yake akaondoka. Hakuna aliyepiga yowe wala aliyetafuta shahidi. Mwenye shamba la pili hata hakutoka nje.

Mimi nilirudi jikoni nikakaa na chai mpaka ikapoa.

Nimezaliwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, Marangu, Kilimanjaro. Baba na baba mdogo walikaa miaka kumi na moja bila kula pamoja kwa sababu ya mstari wa masale, mimea tunayopanda mpakani, uliokuwa ukihama. Mnajua unavyohama: mche unakauka, unapandwa mwingine hatua moja mbele, na mwaka wa tatu mgomba wako uko kwa mwenzio. Wazee wakaitwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, baraza likaahirisha, likaahirisha tena. Baba tumemzika kesi bado iko hai. Na hilo sale wanalogombania ndilo jani lile lile mtu analoshika akienda kuomba msamaha!

Najua nitakachoambiwa: kaenda Ulaya, sasa anatufundisha kulima. Hapana. Wafaransa hawa hawakuzaliwa na heshima ya mipaka. Sheria ya urithi ya mwaka 1804 iliwapa watoto wote mafungu sawa, mashamba yakakatika vipande vipande. Mzee ananiambia babu yake alikuwa na vipande zaidi ya ishirini, kila kimoja upande wake, na ugomvi wa kutosha. Ila tangu 1807 serikali ilianza kupima kijiji kwa kijiji, kazi ya zaidi ya miaka arobaini, na ramani hiyo leo mtu yeyote anaifungua kwenye simu bure, bila kumjua mtu ofisini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vipande vikakusanywa, watu wakabadilishana, ndipo yakawekwa mawe kama lile.

Wala sisemi huku ni peponi. Ukitembea Beauce saa saba mchana hupati kivuli. Kule Bretagne, magharibi mwa nchi hii, katika kuunganisha mashamba, waling'oa nyua za miti, mvua ikachukua udongo, sasa wanalipana kuipanda upya. Sensa ya kilimo ya 2020 ilikuta mashamba yapatayo 390,000, pungufu kwa laki moja ndani ya miaka kumi. Mzee wangu hana wa kumrithi. Kihamba chetu hakifiki ekari moja, lakini kina migomba, kahawa, magimbi, parachichi na ng'ombe wawili zizini, na maji ya mfereji yanapita nyuma ya jiko. Nikipewa uwanda huu wote nibadilishane, nakataa.

Ninachodai ni kipimo kilichoandikwa, ambacho kila mtu anaweza kukiona. Mtasema Tanzania hati za kumiliki ardhi kimila zipo tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999. Zipo. Sisi tumeomba, na mara mbili tumeambiwa faili halionekani. Mwingine atasema ardhi ikipimwa itauzwa. Kwani sasa haiuzwi? Inauzwa kila siku kwa karatasi ya daftari, mjane anapata habari akiona mtu anakata migomba yake. Kutopima hakujamlinda mtu. Kumewalinda wanaohamisha masale usiku, na mimi nimechoka kuambiwa huo ndio utamaduni wetu.

Desemba narudi, kama Mchagga yeyote. Jana nimempigia mtoto wa baba mdogo, nikamwambia nitakuja na futi kamba, tuutembee mstari wote mimi na yeye kabla ya Krismasi, bila wazee wala baraza.

Akauliza nani atashika upande wa pili wa kamba.

Nikamwambia, wewe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nafika tarehe ngapi.