Mashine 61 zimepita wapi?

Pale biro kwetu Lubumbashi, programu ya kuorodhesha vifaa ilikuwa na jedwali la aina za mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), na ndani yake aina moja, KVM, programu ya Linux ya kuziendesha, imeandikwa mara nne. Moja KVM, nyingine kvm, ya tatu Kvm, na ya nne KVM yenye nafasi tupu mkiani. Hiyo ya mwisho jicho haliioni mpaka uiulize hifadhidata urefu wa jina, ikujibu 4 badala ya 3. Kila aliyeingiza mashine alichapa alivyojisikia. Ripoti ikawa inazigawa mashine 61 mafungu manne, na Papa Direkta hapendi mafungu.

Saa kumi na moja jioni, tumbo likiwaza bukari, nikaanza kufuta ile yenye herufi ndogo:

DELETE FROM aina WHERE jina = 'kvm';

Nilitegemea mstari 1 ufutwe. Jibu likaja: 4 rows affected.

Kumbe MariaDB, programu inayoendesha hifadhidata yetu, mpangilio wa herufi ukiwa ule unaoishia na _ci, haioni tofauti ya K na k. Na kwa alama ya =, nafasi za mkiani kwa kawaida haizihesabu. Nimeita mtoto mmoja, ukoo mzima umeitika. Nikachapa ROLLBACK, amri ya kutengua, huku vidole vikitetemeka. Ikanijibu Query OK, 0 rows affected, kwa adabu kabisa. Usipotanguliza START TRANSACTION, kila amri inathibitishwa papo hapo, hakuna cha kurudishwa.

Mashine zenyewe hazikuguswa. Ila kila moja ilibaki imeshika namba ya aina isiyokuwepo, maana jedwali halikuwekewa ufunguo wa kigeni, ambao ungenikatalia ufutaji mlangoni. Ripoti ilikuwa inaunganisha majedwali kwa INNER JOIN, na asiye na mwenzake huko haonekani.

Nikaenda kulala nikijidanganya kwamba direkta hafungui ripoti asubuhi. Alifungua. Sentinere, mlinzi wa geti, akaitwa.

“Usiku mashine 61 zimetoka. Zimepita wapi?”

“Papa, mimi niliona mama mmoja tu, na beseni ya unga.”

Fundi mwenzangu akaingilia: “Papa, hizo ni mashine pepe.”

Sentinere akavua kofia. “Pepo? 61? Hapo muite pasta.”

Mimi nilikuwa chumba cha pili, jasho linanitoka. Nakala ya akiba ya usiku wa kuamkia jana nikaifungua kwenye hifadhidata ya pembeni, si juu ya ile inayofanya kazi, maana ingefuta na kazi ya jana mchana. Nikachukua mistari minne tu, nikairudisha na namba zake zilezile: 2, 9, 14 na 17. Namba zikibadilika, umefanya kazi bure. Ripoti ikajaa tena. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, safari hii ndani ya START TRANSACTION: kwanza kuhamisha mashine zote kwenye namba 2, kisha kufuta aina zilizobaki kwa namba, si kwa jina:

UPDATE mashine SET aina_id = 2 WHERE aina_id IN (9, 14, 17);
DELETE FROM aina WHERE id IN (9, 14, 17);

Nikahesabu: aina 3 zimefutwa, mashine 61 zote zipo. COMMIT, yaani thibitisha.

Jioni nikipita getini, sentinere akanisimamisha, akafungua mfuko wangu, akachungulia mpaka chini.

“Leo haubebe kitu, papa?”