Nishati Imekwama, au Mkojo?

Simsim ni paka wangu dume, rangi yake kama simsim iliyokaangwa ikazidi moto kidogo. Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya pili, na beseni lake la mchanga liko chini ya ngazi ya kupandia darini. Mwezi uliopita alianza kulizuru beseni hilo kila baada ya dakika kumi. Anachuchumaa, anakaza, anatoa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia kwake, kisha anatoka na mchanga uko mkavu vilevile. Mama akasema kafunga choo huyu, mpe mafuta ya nazi. Nikampa. Mji huu nani amezoea kumpeleka paka hospitali? Ukitaja daktari wa mifugo, mtu anawaza ng'ombe.

Shoga yangu wa Nyali, mwenye mbwa wawili wanaolala kwenye feni kuliko mimi, ndiye aliyeniambia habari ya Reiki, tiba ya kuponya kwa nishati ya viganja. Kuna mama mmoja anayemjia nyumbani, anawawekea mbwa mikono, na mbwa wanatulia "utadhani wamesomewa". Shilingi 3,500 kwa nusu saa. Nikasema aje.

Alikuja jioni hiyohiyo, mtu mpole, sauti ya chini. Hakumshika Simsim kwa nguvu. Alikaa sakafuni kwenye mkeka, viganja wazi juu ya mapaja, akasubiri paka aamue mwenyewe. Hilo lilinipendeza, nakiri. Simsim alipojilaza karibu naye, aliinua mikono ikaelea juu ya mgongo, kisha tumbo, bila kugusa. Simsim hakusogea. Baada ya nusu saa akaniambia nishati imekwama tumboni, na kwamba ingehitaji kuja mara tatu.

Hakukosea sana. Kilichokwama kilikuwa mkojo.

Mama, ambaye wakati wote huo alikuwa mlangoni na tasbihi yake, ndiye aliyeinama akampapasa paka tumbo kwa vidole viwili. "Mwanangu, mbona gumu kama ndimu?" Tukamtia kikapuni, leso juu, tukapanda tuktuk kuvuka Daraja la Nyali saa ambayo magari yamesimama kama yameegeshwa. Daktari alipomgusa tu akaanza kutafuta mpira wa mkojo. Mrija wa paka dume ni mwembamba mno, hasa kwenye ncha, akanieleza huku anafanya kazi. Chembechembe kama mchanga zikichanganyika na ute, unaziba. Mkojo usipotoka, potasiamu, aina ya madini, inapanda kwenye damu, na moyo unasimama. Siku mbili, tatu, basi. Na ule utulivu niliousifu pale mkekani? Paka mwenye maumivu makali hujikunyata akanyamaza, masikio yameangukia pembeni, macho nusu. Sisi tulimwona ametulia, kumbe ameishiwa nguvu.

Sasa nimesoma habari za Reiki kwa hasira, nikaishia kuzisoma kwa hamu. Ilianza Japani. Mikao Usui alipanda mlima Kurama, karibu na Kyoto, mwaka 1922, akafunga siku 21, na kutoka huko akaja na njia yake ya kuponya kwa viganja. Hawayo Takata akaipeleka Hawaii miaka ya 1930, akafikisha wanafunzi 22 daraja la ualimu, kwa ada ya dola 10,000. (Ukitafuta nishati isiyokwama, iko hapo.) Yote hayo yalihusu binadamu, wanyama waliingizwa baadaye. Kuna hata Reiki ya mbali, unatuma picha ya paka na mtu anakufanyia akiwa kwake.

Watetezi wake wana hoja moja ambayo kwa siku mbili ilinishinda. Wanasema binadamu anaweza kupona kwa sababu ameamini, lakini mnyama haamini chochote, hajui hata kama anatibiwa. Kwa hiyo akipata nafuu, nishati ndiyo iliyofanya kazi. Inasikika vizuri. Tatizo ni kwamba mnyama hajazi fomu. Anayesema "leo afadhali" ni mwenye mnyama, aliyelipa na aliyekesha. Mwaka 2012 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo waliopewa dawa isiyo na kitu ndani. Mbwa walipopitishwa juu ya sahani maalumu inayopima uzito wanaoukanyagia, ungeona nani kweli kapata nafuu. Tathmini nyingi za wenye mbwa ziliona nafuu isiyokuwepo, na madaktari nao hawakuwa mbali. Mbwa hakuamini chochote. Aliyeamini ni bwana wake.

Mimi mwenyewe jioni ile nilimwambia shoga yangu kwa simu, "Naona kapoa." Nilikuwa namtazama paka anayekufa.

Najua baadhi yenu mtaniambia, na sisi je? Bibi yangu alikuwa na sahani nyeupe ya kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Maji yalisomewa nyumbani kwetu hata mbuzi alipogoma kula. Sina ubavu wa kumcheka yule mama wa Reiki. Lakini bibi hakutoza, na hakuwahi kusema njoo mara tatu kwanza ndipo uende hospitali. Alisoma huku babu anatafuta usafiri. Kisomo na daktari vilikwenda pamoja.

Ndipo ninapogombana na biashara hii, wala si kwenye viganja. Kaa na mnyama wako nusu saa kimya, mkono karibu naye, simu chumba kingine; huo ni wema, na wengi wetu hatujawahi kumpa hata dakika tano. Mbwa anayeogopa fataki au punda aliyechapwa mpaka anashtuka kivuli, kutulizwa hivyo kunamfaa. Ila anayelipwa kwa kazi hiyo, swali lake la kwanza mlangoni, kabla ya kuvua viatu, liwe: daktari kamwona lini? Walimu wengi wa Reiki wenyewe husema haichukui nafasi ya tiba. Basi na waseme kabla ya kupokea 3,500.

Mpira wa mkojo ulikaa siku mbili. Simsim sasa anakula chakula chenye majimaji, na nimemwekea bakuli tatu za maji nyumba nzima, moja mama huipiga teke kila alfajiri akienda kutawadha.

Yule mama wa Reiki alinipigia wiki iliyofuata kuuliza hali. Nilimweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba kuja kumwona, bila malipo. Alipofika, kabla sijamkaribisha chai, nilimshika mkono nikampeleka chini ya ngazi, nikamwonyesha beseni: duara la mchanga uliolowa, kubwa kama kisahani cha kikombe.