Mtoto wa Mwanza Asiyelijua Ziwa

Mpwa wangu ana miaka tisa. Amekulia Isamilo, juu ya mawe, na kila asubuhi akitoka nje analiona ziwa kule chini linang'aa. Wiki iliyopita aliniuliza: "Mjomba, yale maji ni ya baridi?"

Nilishindwa kujibu. Mimi ndiye ninayeishi Hamburg tangu 2011, mimi ndiye mgeni. Nilitegemea yeye anifundishe mji huu mpya.

Sisi tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Jumamosi ilikuwa ya kufua. Mama mbele na beseni, sisi nyuma na nguo chafu, tunateremka katikati ya mawe mpaka majini. Mashuka yalianikwa juu ya jabali na kukauka kabla hatujachoka kucheza. Hakuna aliyetuuliza tunatoka kwa nani.

Basi nikamwambia mtoto, kesho twende. Njia ya kwanza niliyoikumbuka inaishia kwenye geti. Ya pili inaishia kwenye ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Ya tatu ilitufikisha kwenye baa iliyopanga viti mpaka ukingoni. Mlinzi akaja, kijana mwenye adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Hapa mpaka uagize kitu, na mtoto haruhusiwi kushuka majini." Sina ugomvi naye, yuko kazini. Lakini nilimwona mpwa wangu akirudi nyuma bila kubisha, kama mtu aliyezoea, na hapo ndipo damu iliponichemka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Naijua sheria hiyo kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuwa na matuta ya mchicha karibu na maji, upande wa Ilemela, na mchicha ule ulisomesha watoto wanne. Akaambiwa aondoke, mita 60 hizo. Akaondoka, hakubishana. Alipokuwa akilima pana ukuta sasa. Nimeuona kwa macho yangu, nimeugusa. Nani alimpimia mwenye ukuta, na kwa kamba ipi? Kama mita 60 zilimhusu mwanamke mwenye jembe, zimhusu na mwenye saruji.

Hamburg, mji ambao sina hata babu mmoja aliyezikwa humo, una ziwa la Alster katikati. Kulizunguka kwa miguu ni zaidi ya kilomita 7, na Jumapili nalizunguka na watu wa kila aina. Matajiri wana nyumba zao pale, tena kubwa, lakini njia ya watu ipo. Mtu aniambie kwa nini mimi niwe na haki ya kufika majini ugenini, halafu mtoto wa Mwanza asiwe nayo kwao.

Najua kuna kichocho. Kilikuwapo na enzi zetu, tukanywa dawa. Najua mto Mirongo unavyoshusha taka ziwani, na mvua ya kwanza ukisimama darajani unaziona chupa zikipita. Na dada yangu ana sababu yake, siwezi kumbishia. MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996, alikuwa na umri wa binti yake huyu, na aliyaona majeneza yakipelekwa Igoma. Tangu siku hiyo ziwa kwake ni kaburi. Lakini kumlinda mtoto na maji ni kumfundisha kuogelea, na hawezi kujifunzia kwenye beseni.

Msiseme nimerudi kulalamika tu. Daraja la Kigongo–Busisi nimelipita nikitokwa na machozi. Kilomita 3, dakika chache. Bibi alipofariki tulikaa Kigongo tukisubiri kivuko mpaka tukakuta kaburi limeshafukiwa. Lililozinduliwa Juni 2025 ni jambo kubwa, na aliyewahi kulala kwenye ile foleni anajua ninachosema. Ndiyo maana naamini njia tatu nne za miguu kushuka ziwani haziwezi kutushinda.

Siku ya mwisho tulipita Jiwe la Bismarck, tukapanda kivuko cha Kamanga. Ng'ambo kule kina mama walikuwa wanaosha sufuria, mbuzi wanakunywa, dagaa wameanikwa. Mpwa wangu alisimama muda mrefu akinitazama, anasubiri ruhusa. Nikavua viatu kwanza. Akavua vyake, akaingia mpaka magotini, akashika sketi kwa mikono miwili.

"Mjomba," akasema, "ni ya vuguvugu."