Binti yangu ana aleji ya korosho, na kwetu ni Newala

Mimi mtu wa Newala, nimekulia chini ya mikorosho na ada yangu yote ya shule imetoka kwenye korosho, halafu Mungu kanijalia binti kazaliwa huku Leicester ambaye korosho moja tu inaweza kumuondoa. Nikisema hivi watu wanadhani natia chumvi. Sitii.

Huku Uingereza kuishi na hii aleji ni kazi ila sheria iko upande wako. Kuna vitu 14 vinavyoleta aleji ambavyo vikiwemo kwenye chakula pakiti lazima ivionyeshe kwa maandishi yaliyokolezwa, na tangu Oktoba 2021 hata sandwichi iliyofungwa palepale dukani inaandikwa kila kilichomo, hii ilikuja baada ya binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, kufariki 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate bila kuandikwa. Kila nikishika pakiti namkumbuka yule mtoto. Shuleni kwa binti yangu kalamu zake mbili za adrenalini, yaani sindano za dharura zenye umbo la kalamu, zipo na walimu wanajua kumchoma.

Sasa nyumbani. Mwaka juzi tulienda, niliwaeleza ndugu wote na kwa kweli walinisikiliza, korosho zikafichwa, shangazi akampikia mtoto kuku wake peke yake. Ila kisamvu cha wakubwa kiliungwa kwa korosho za kutwanga, na mwiko ukatoka sufuria ile ukaingia hii, basi. Hazikupita dakika kumi mtoto anajikuna shingo, midomo imevimba, kifua kinalia kama filimbi. Huyu anakimbilia maziwa, yule anatafuta piritoni. Jamani piritoni inatuliza muwasho tu, haifungui koo lililobana, na maziwa ndo hayasaidii kabisa. Nilimkalisha chini kanyoosha miguu, nikamchoma kalamu pajani kwa nje, juu ya gauni hivyohivyo, tukapata gari tukakimbia. Nesi tuliyemkuta alikuwa na adrenalini ya kichupa na alijua anachofanya, akatuzuia mpaka asubuhi maana hii kitu inaweza kurudi baada ya masaa hata kama mtoto anaonekana mzima. Yule dada namuombea mpaka leo.

Kwahiyo wanaosema nyumbani hawajali, mimi nakataa. Wanajali sana, ila hakuna aliyewafundisha kwamba mabaki ya kwenye mwiko yanatosha, na dawa yenyewe iko mbali na watu. Famasi nilizouliza Dar kalamu sikupata hata moja. Mimi nilitoka nayo Ulaya, je mama wa kijijini ambaye hospitali iko saa nzima kwa bodaboda afanyeje? Nawaza wangapi walivimba wakafa tukasema wamelishwa sumu au wamerogwa. Nyie mnaoenda likizo na watoto wenye aleji bebeni kalamu zaidi ya mbili, zikae kwenye mkoba wako na siyo ndani ya gari juani, joto linaziharibu, na mfundisheni mtu mzima mmoja pale nyumbani kuchoma kabla hamjala chochote.

Desemba tunaenda tena. Shangazi kanunua sufuria mpya, na mwiko kaufunga kipande cha khanga nyekundu kwenye mpini, kasema atakayeuchovya kwenye mboga nyingine atamjua yeye ni nani. Jana kanipigia, hata salamu hatujamaliza anauliza, "mwanangu, zile kalamu umeshapakia?"