Kifundo cha Mguu Kilichochakaa: Kukiunganisha au Kuweka Kiungo Bandia?

Mgonjwa ambaye gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) la kifundo cha mguu wake limekwisha, na ambaye vidonge, sindano na viatu maalumu havimsaidii tena, hufika kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa na kukuta njia kuu mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuondoa mabaki ya gegedu na kuibana mifupa kwa skrubu au vyuma hadi iungane na kuwa mfupa mmoja, ili kiungo chenye maumivu kisiwepo tena. Ya pili ni kukata sehemu zilizoharibika na kuweka kiungo bandia cha chuma na plastiki ngumu, ili kifundo kiendelee kupinda. Madaktari wamebishana kuhusu njia hizi kwa zaidi ya miaka 50. Kwa maoni yangu, mabishano hayo yametumia nguvu nyingi kuuliza kiungo kinapinda kiasi gani, na nguvu chache kuuliza mgonjwa atarudi kufanya nini kwa mguu wake.

Inafaa kuanza na kile kinachokitofautisha kifundo na nyonga au goti. Viungo hivyo viwili huchakaa zaidi kwa umri, ilhali kifundo, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, huharibika kwa sababu ya ajali ya zamani: mfupa uliovunjika, au kano zilizochanika mara kwa mara na kuacha kiungo kikiyumba kwa miaka. Kwa hiyo wagonjwa wengi hufika kwenye hatua ya upasuaji wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi na miongo kadhaa ya kutembea mbele yao. Pia hufika wakiwa na ngozi yenye makovu, mifupa iliyopinda, na pengine vyuma vya upasuaji wa awali. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ulemavu unaotokana na kifundo kilichochakaa kabisa ni mzito angalau sawa na ule wa nyonga iliyochakaa. Hata hivyo, nyonga ndiyo iliyopata suluhisho mapema na kwa uhakika, na wagonjwa wa kifundo wamezoea kuambiwa wavumilie.

Kuunganisha mifupa ni njia kongwe, iliyoanza kuelezwa na madaktari wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na sifa yake kubwa ni kwamba ikifanikiwa, imefanikiwa. Mfupa ulioungana haulegei wala haulikiki kama plastiki, na mgonjwa anaweza kusimama kutwa nzima, kubeba mizigo na kufanya kazi za sulubu bila hofu ya kuharibu kifaa. Wengi hudhani kwamba mguu uliounganishwa utakuwa kama gogo, na dhana hiyo huwatisha wagonjwa kuliko inavyostahili. Viungo vilivyo chini na mbele ya kifundo hubaki na mwendo wake, na baada ya muda hubeba sehemu ya kazi iliyopotea, kiasi kwamba kwenye sakafu tambarare, na kwa kiatu chenye nyayo iliyojipinda kidogo mbele, mtazamaji wa kawaida anaweza asitambue kitu. Yote hayo yanategemea mkono wa daktari: wayo ukiunganishwa ukiwa umeelekea chini, goti litasukumwa nyuma kila hatua, na mgonjwa atakuwa amebadilishana maumivu ya kifundo na ya goti.

Kasoro huonekana kwenye mteremko na ngazi. Mtu anaposhuka ngazi, mguu uliobaki nyuma lazima ukunje kifundo ili muundi uinamie mbele huku kisigino kikiwa bado chini. Kifundo kisichokunja humlazimisha kuinua kisigino mapema, au kushuka kwa upande huku ameshika ukuta. Lakini kasoro inayopaswa kufikiriwa zaidi huja polepole. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia wagonjwa 23 kwa wastani wa miaka 22 tangu waunganishwe, na wengi wao walikutwa na uchakavu mkubwa wa viungo jirani vya mguu uleule. Si haki kuulaumu upasuaji peke yake, kwa kuwa ajali iliyoharibu kifundo huenda ilijeruhi viungo jirani siku ileile, lakini mtu wa miaka 40 anayeambiwa kwamba jambo limemalizika anapaswa kulijua hilo kabla hajasaini fomu ya ridhaa.

Kiungo bandia kilianza kutumika mwaka 1970 nchini Ufaransa, na miundo ya kwanza ilishindwa vibaya. Iliunganishwa na mfupa kwa saruji ya kitabibu, ilihitaji kukata mfupa mwingi, na ililegea kwa wagonjwa wengi mno hadi madaktari wengi wakairudia njia ya kuunganisha. Miundo ya sasa ni tofauti kabisa: hukata mfupa kidogo, uso wake wa chuma huruhusu mfupa kuota na kushikamana nao, na vifaa vya kupimia ni sahihi zaidi. Hata hivyo, rejista za kitaifa zinazofuatilia viungo bandia zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10 takriban kimoja kati ya vitano, au pungufu kidogo, huwa kimeshahitaji kufanyiwa upasuaji mwingine. Kwa nyonga kiwango hicho ni kidogo zaidi. Anayewaambia wagonjwa kwamba kifundo bandia sasa ni sawa na nyonga bandia anawaahidi kitu ambacho takwimu haziwezi kukitimiza.

Kwa miaka mingi ulinganisho wa njia hizi ulikuwa dhaifu, kwani madaktari walichagua nani apate ipi, kisha wakalinganisha matokeo ya watu ambao hawakulingana tangu mwanzo. Hali ilibadilika Uingereza, ambako jaribio la kitabibu liitwalo TARVA liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 303 wenye umri wa miaka 50 hadi 85, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022. Wagonjwa walijaza dodoso la kutembea na kusimama lenye alama 100. Baada ya mwaka mmoja, waliopata kiungo bandia walikuwa wamepata nafuu ya alama 49.9 kwa wastani, na waliounganishwa alama 44.4. Tofauti hiyo haikutosha kusema njia moja imeishinda nyingine. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa sana. Madhara yaligawanyika: matatizo ya kupona kidonda yaliwapata asilimia 13.4 ya waliowekewa kiungo bandia dhidi ya asilimia 5.7 ya waliounganishwa, majeraha ya neva nayo yalikuwa mengi zaidi upande wa kiungo bandia, ilhali kati ya waliounganishwa takriban asilimia 7 walipata maumivu kwa sababu mifupa haikuungana.

Tofauti ya vidonda ina sababu inayoeleweka. Kiungo bandia kwa kawaida huingizwa kwa kupasua mbele ya kifundo, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na chini yake hakuna nyama ya kuilinda. Jeraha likifunguka hapo, kano na chuma viko karibu sana na hewa, na maambukizi yanaweza kuhatarisha kifaa kizima. Kwa mwenye kisukari kilichoharibu neva za mguu, mwenye mzunguko hafifu wa damu, au mwenye makovu mengi mahali hapo, mimi naona mjadala umekwisha kabla ya kuanza, na kiungo bandia hakimfai.

Upande wa pili, wapo ambao kuwaunganisha ni kuwahamishia tatizo. Mtu ambaye kiungo cha chini ya kifundo nacho kimechakaa, au ambaye vifundo vyote viwili vimeharibiwa na baridi yabisi, akiunganishwa atabakiwa na mwendo mdogo mno wa kumsaidia kuinuka kitini au kushuka ngazi. Kwake digrii chache za kupinda zina thamani kubwa, nami ningeitetea njia ya kiungo bandia bila kusita, mradi ifanywe na timu inayoifanya mara kwa mara. Lakini asitarajie kifundo cha ujana, kwa kuwa mwendo anaoupata mgonjwa baada ya upasuaji huwa karibu na ule aliokuwa nao kabla, na kinachobadilika hasa ni maumivu.

Kuhusu kupona, njia zote mbili zinadai subira ambayo wagonjwa wengi hawaandaliwi kwayo. Aliyeunganishwa mara nyingi hukaa wiki 6 au zaidi bila kuukanyaga mguu, akitembea kwa magongo, kisha huvaa kiatu kigumu hadi eksirei ionyeshe kwamba mifupa imeshikana. Akivuta sigara, hatari ya mifupa kutoungana huongezeka mara kadhaa. Aliyewekewa kiungo bandia kwa kawaida huanza kukanyaga mapema zaidi, lakini asipofanya mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli ya nyuma ya mguu, ule mwendo aliofanyiwa upasuaji kwa ajili yake hupotea kwenye kovu. Uvimbe huweza kudumu karibu mwaka mzima katika njia zote mbili. Ndiyo maana naona swali la nani atamhudumia mgonjwa nyumbani, na kama atafika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, lina uzito sawa na swali la kifaa gani kitumike.

Linabaki suala la kurudi nyuma. Kiungo bandia kilichoshindwa kinaweza kuondolewa na mifupa ikaunganishwa, ingawa pengo lililoachwa hulazimu kupandikiza mfupa na mguu unaweza kuwa mfupi kidogo. Kifundo kilichounganishwa nacho huweza kufunguliwa na kuwekewa kiungo bandia, lakini hilo huwa gumu sana ikiwa daktari wa kwanza aliuondoa mfupa mwembamba wa upande wa nje, unaokishikilia kifundo. Mgonjwa mwenye umri mdogo anayechagua kuunganishwa leo anapaswa kumuuliza daktari wake wazi kama mfupa huo utabakizwa, na jibu liandikwe kwenye faili lake.